Njia ya Ndola: Soka la Watanzania na Wazambia Likitazamwa Kutoka Mpemba

Msafiri anayetoka Mbeya kwenda Zambia huipita Vwawa, akafika Mpemba, na kilomita chache mbele yake ndiyo Tunduma. Pale Mpemba barabara ya lami inachepuka kushoto kuelekea Isongole, wilayani Ileje, kwenye mpaka wa Malawi. Anayenyoosha anaingia Tunduma, na akishavuka geti yuko Nakonde, Zambia. Mpemba ni kata ya Halmashauri ya Mji wa Tunduma, na foleni ya mpakani inaporefuka, malori hujipanga mpaka huku. Madereva huchemsha chai kando ya matairi, husubiri karatasi za mizigo zitoke, na siku ya mechi hutafuta kibanda umiza, banda la kutazamia mpira, kilicho karibu. Shehena zao zinakwenda Lusaka, Kitwe, Ndola na, kupitia Kasumbalesa, Lubumbashi. Miji hiyo hiyo ndiyo ambayo timu za Tanzania zimekwenda kufunga na kufungwa kwa zaidi ya miaka arobaini.

Uhusiano wa Tanzania na Zambia umeandikwa sana kwa mikataba, reli na bomba la mafuta. Mashabiki wa mpakani wana kumbukumbu zao: Lusaka na Ndola mwaka 1979, Libreville 1993, Dar es Salaam 2018, San-Pédro na Ndola tena mwaka 2024. Ukizifuata kumbukumbu hizo moja baada ya nyingine unaona jambo moja kubwa. Soka liliwapa watu wa pande hizi nafasi ya kushindana kama mataifa bila kuuvunja ujirani uliokuwapo kabla ya bendera zao.

Mpaka na migodi

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba uliogawa, pamoja na mengine, nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Kaskazini wakachukua Wajerumani, kusini wakachukua Waingereza. Wanyamwanga, wenyeji wa eneo hili, wakajikuta wametawaliwa na dola mbili. Wamambwe upande wa magharibi yaliwapata hayo hayo, na Walambya na Wandali nao wakagawanywa katika bonde la mto Songwe. Kati ya Tunduma na Nakonde hakuna mto wala mlima. Mtu anaweza kulala upande mmoja na kulima upande wa pili, na msiba ukitokea Nakonde waombolezaji hutoka Tunduma, Chapwa na Mpemba.

Kisha ikaja shaba. Migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, ilipopanuka katika miaka ya 1920 na 1930, vijana wa nyanda za juu kusini, hasa Wanyakyusa wa Rungwe, walifunga safari kwenda kutafuta kazi katika Ukanda wa Shaba. Wengine walirudi na baiskeli na mablanketi, wengine walioa huko huko wakazaa. Kampuni za migodi zilitenga viwanja vya mpira karibu na makazi ya wafanyakazi, kwa kuwa mchimbaji aliyepumzika vizuri Jumapili alitarajiwa kushuka shimoni Jumatatu bila manung'uniko. Katika viwanja hivyo zilikulia klabu zilizokuja kuwa vigogo wa soka la Zambia, zikiwamo Nkana ya Kitwe na Mufulira Wanderers. Kwa familia nyingi za kusini mwa Tanzania, Kitwe na Mufulira yalikuwa majina ya miji aliyoishi babu au mjomba, muda mrefu kabla hayajasikika katika matangazo ya mpira.

Bomba, lami na reli

Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964. Rais wake wa kwanza, Kenneth Kaunda, alikuwa mpenzi mkubwa wa soka kiasi kwamba timu ya taifa ikaitwa KK Eleven, kwa herufi za jina lake. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 11 Novemba 1965, Ian Smith, kiongozi wa walowezi, alijitangazia uhuru katika Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Zambia haina bahari, na njia zake kuu za kupitishia shaba na mafuta zilikuwa mikononi mwa utawala ule. Mlango wa badala ulikuwa Dar es Salaam, na njia ya kuufikia ilipita Tunduma.

Malori yakaanza kushindana na tope katika barabara iliyoua watu wengi kabla haijawekwa lami. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA likakamilika, likisafirisha mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Mwaka 1970 ujenzi wa reli ya TAZARA ukaanza kwa mkopo usio na riba kutoka China. Reli ilifika mpakani mwaka 1973, na Julai 1976 ikakabidhiwa rasmi: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, mwendo mfupi kutoka Ndola.

Soka nalo lilikuwa likijenga njia yake. Kombe la Gossage lilianza mwaka 1926 kati ya Kenya na Uganda, Tanganyika ikajiunga mwaka 1945 na Zanzibar mwaka 1949. Baada ya uhuru likawa Kombe la Challenge, na kuanzia mwaka 1973 mashindano ya CECAFA, chombo cha soka cha Afrika Mashariki na Kati. Zambia na Malawi zikaingia humo. Lusaka iliandaa mashindano ya mwaka 1975, Malawi ikatwaa ubingwa mwaka 1978 na 1979, na Zambia ikautwaa mwaka 1984 na 1991. Kwa karibu miaka ishirini, mtu wa Mpemba aliyetaka kujua nchi yake ina nguvu gani uwanjani alizipima nguvu hizo kwa majirani anaowafikia kwa miguu au kwa basi la asubuhi.

Mwaka 1979

Hakuna mwaka unaotajwa kama 1979. Tanzania ilikuwa vitani na Idi Amin wa Uganda tangu mwishoni mwa mwaka 1978, na Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili. Zambia nayo ilikuwa ikishambuliwa na ndege na makomando wa Rhodesia kwa sababu iliwahifadhi wapigania uhuru wa Zimbabwe. Nchi zote mbili zilikuwa zikilipa gharama ya msimamo wao, mafuta yalikuwa shida na bidhaa madukani zilikuwa zikiadimika.

Katika hali hiyo Simba ya Dar es Salaam ilipangwa na Mufulira Wanderers katika Klabu Bingwa Afrika. Mechi ya kwanza ilichezwa Dar es Salaam, na Wazambia wakashinda 4-0. Kufungwa mabao manne nyumbani ni sawa na kuaga mashindano. Simba wakasafiri kwenda Lusaka kwa marudiano huku hata mashabiki wao wakiwa wameshakata tamaa. Wakashinda 5-0. Kwa jumla ya mabao 5-4 Mufulira wakatoka, na hadi leo mzee wa Simba akitaka kuwanyamazisha vijana wanaokata tamaa mapema anawakumbusha mechi ya Lusaka.

Miezi michache baadaye ikawa zamu ya timu za taifa. Taifa Stars, chini ya kocha Joel Bendera na nahodha Leodegar Tenga, iliwania tiketi ya Fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 1980, na aliyesimama mlangoni alikuwa Zambia. Dar es Salaam, Stars ilishinda 1-0. Marudiano yakapigwa Ndola mwezi Agosti. Zambia ikatangulia kufunga, na hapo hesabu zikawa sawa, uwanja mzima ukiisukuma timu yake. Peter Tino akafunga bao la kusawazisha, mechi ikaisha 1-1, na Tanzania ikafuzu kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Machi 1980 huko Lagos, Stars ilifungwa 3-1 na Nigeria, ikafungwa 2-1 na Misri na kutoka sare ya 1-1 na Ivory Coast. Iliwachukua Watanzania miaka 39 kuziona tena fainali hizo, Misri mwaka 2019. Ndiyo maana bao la Ndola halikuzeeka. Vizazi viwili vilikua vikisimuliwa Peter Tino kana kwamba amefunga wiki iliyopita.

Yaliyotokea baada ya mechi ya Ndola yana uzito wake. Oktoba 1979, miezi miwili tu baada ya mechi ile, makomando wa Rhodesia walilipua madaraja ya mto Chambeshi, la reli na la barabara. TAZARA ikakatika. Mzigo wa Zambia ukakwama, na wa Dar es Salaam ukakosa pa kwenda. Timu zilizokuwa zikipigania bao moja mwezi Agosti zilitoka katika nchi zilizotegemea madaraja yale yale. Adui aliyeyalipua hakuwa Mtanzania wala Mzambia, na kila aliyefanya kazi katika reli hiyo, kuanzia Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, alilijua hilo vizuri.

Msiba wa Libreville

Tarehe 27 Aprili 1993 ndege ya kijeshi iliyobeba timu ya taifa ya Zambia ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka kutoka Libreville, Gabon. Timu ilikuwa njiani kwenda Dakar kucheza na Senegal katika mechi ya kufuzu Kombe la Dunia. Watu wote 30 waliokuwamo walikufa, wakiwamo wachezaji 18 na kocha Godfrey Chitalu, mshambuliaji mkubwa wa enzi zake. Kalusha Bwalya, aliyekuwa akichezea klabu ya Uholanzi, alinusurika kwa sababu hakuwa ndani ya ndege hiyo. Marehemu walizikwa nje ya Uwanja wa Uhuru jijini Lusaka.

Kwa Watanzania msiba huu haukuwa habari ya mbali. Wale walikuwa vijana wa timu iliyotwaa Kombe la CECAFA miaka miwili tu kabla, na nchi yao ilikuwa mpinzani ambaye Watanzania walimjua kuliko wengi. Zambia ikaunda timu mpya, Kalusha akawa nahodha, na chini ya mwaka mmoja baadaye ikafika fainali ya Mataifa ya Afrika, ikafungwa 2-1 na Nigeria. Tarehe 12 Februari 2012, katika jiji lile lile la Libreville, Zambia ya nahodha Christopher Katongo iliifunga Ivory Coast kwa penalti 8-7 na kutwaa ubingwa wa Afrika. Kusini mwa Tanzania kulikuwa na watu wengi waliosherehekea usiku ule bila kuulizwa pasipoti.

Wachezaji wavuka geti

Mwaka 1997 kilianzishwa COSAFA, chombo cha soka cha kusini mwa Afrika, na Zambia na Malawi zikaelekea huko. Tanzania ikabaki CECAFA. Kwa karatasi za soka, majirani wa Tunduma wakawekwa katika kanda mbili tofauti. Mechi zao zikapungua, ingawa Tanzania ilialikwa kwenye mashindano ya COSAFA zaidi ya mara moja, na mwaka 2017 ikatolewa nusu fainali na Zambia hiyo hiyo kwa mabao 4-2.

Pengo hilo lilizibwa na wachezaji. Ligi Kuu ya Tanzania ilipoanza kupata fedha za udhamini na za haki za matangazo, Wazambia walianza kuja kwa wingi. Felix Sunzu aliichezea Simba, Davies Mwape na Obrey Chirwa waliichezea Yanga. Mwaka 2016 kocha George Lwandamina alikabidhiwa Yanga. Baadaye wakaja Larry Bwalya na Moses Phiri kwa Simba, na Kennedy Musonda kwa Yanga. Watanzania nao walielekea kusini: Hassan Kessy alikwenda Nkana. Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu walikwenda TP Mazembe ya Lubumbashi, ambako mpira unajadiliwa kwa Kiswahili na ambako Wazambia kama Rainford Kalaba walikuwa nguzo. Mazembe ilitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2015, na Samatta akatajwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza barani. Ramani ya uhamisho huu ukiichora inafuata barabara ya malori: Dar es Salaam, Tunduma, Ndola, Lubumbashi.

Katika hao wote hakuna aliyeutikisa mpaka kama Clatous Chama. Alitua Simba mwaka 2018, na mashabiki wakampa jina la Mwamba wa Lusaka. Desemba ya mwaka huo huo Simba ikapangwa na Nkana katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Kitwe, Nkana walishinda 2-1. Dar es Salaam, tarehe 23 Desemba, Nkana wakatangulia kufunga, Jonas Mkude akasawazisha, Meddie Kagere akaongeza la pili. Jumla ikawa 3-3 na mechi ikaelekea kwenye penalti. Katika dakika za lala salama mpira ukamfika Chama ndani ya boksi. Hakugeuka kulitazama goli, aliugusa kwa kisigino ukaenda wavuni. Simba ikashinda 3-1 na kusonga mbele. Aliyeifunga klabu kubwa ya Zambia alikuwa Mzambia aliyevaa jezi nyekundu ya Dar es Salaam, huku Mtanzania Kessy akiwa mchezaji wa Nkana. Ukiwa Nakonde siku hiyo, ungemlaumu nani? Ukiwa Tunduma, ungemshukuru nani?

Mwaka uliofuata deni likalipwa kwa mtindo ule ule. Yanga ilikutana na Zesco United ya Ndola, na benchi la Zesco lilikuwa chini ya Lwandamina, kocha wa zamani wa Yanga. Dar es Salaam ikawa 1-1, Ndola Zesco wakashinda 2-1. Septemba 2023 Simba ikaenda Ndola kucheza na Power Dynamos. Ikatoka sare ya 2-2, na mabao yote mawili ya Simba yalifungwa na Chama. Marudiano yakaisha 1-1 na Simba ikapita kwa kanuni ya bao la ugenini.

Athari ya uhamisho huu wa wachezaji inaonekana kwenye vibanda umiza vya Tunduma na Mpemba. Mabenchi ya mbao, skrini moja, kiingilio kinacholipwa kwa shilingi na, kwa aliyevuka mchana, kwa kwacha. Kijana wa Nakonde anajua msimamo wa Ligi Kuu ya Tanzania, anaishabikia Yanga au Simba na kubishana kwa Kiswahili, kisha anamgeukia jirani yake kwa Kinyamwanga. Hajui soka la nchi nyingine ni lipi, kwa kuwa yote mawili ni yake.

Kundi la barabara moja

Kura ya Fainali za Mataifa ya Afrika zilizochezwa Ivory Coast Januari 2024 iliziweka Tanzania, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo katika Kundi F pamoja na Morocco. Nchi tatu za barabara ya Tunduma zikakutana ufukweni mwa Atlantiki.

Tarehe 21 Januari, San-Pédro, Simon Msuva aliifungia Tanzania dakika ya 11. Kabla ya mapumziko Zambia ikabaki na wachezaji kumi baada ya Roderick Kabwe kupewa kadi nyekundu. Ushindi wa kwanza wa Tanzania katika fainali hizo ulikuwa umekaribia kabisa, hadi Patson Daka alipofunga kwa kichwa dakika ya 88. Siku tatu baadaye Tanzania ikatoka suluhu na Kongo. Zambia na Tanzania zote zikarudi nyumbani mapema, na kila upande ukaamini kuwa jirani ndiye aliyemharibia.

Miezi mitano baadaye, tarehe 11 Juni 2024, wakakutana tena kuwania tiketi ya Kombe la Dunia. Uwanja ulikuwa Levy Mwanawasa, na mji ulikuwa Ndola. Waziri Junior alifunga dakika ya tano, na Tanzania ikalinda bao hilo hadi mwisho. Miaka 45 baada ya Peter Tino, Ndola ikawa tena mji wa furaha kwa Watanzania. Oktoba 2025 Zambia ikajibu kwa ushindi wa 1-0 Zanzibar.

Kabla ya mechi hizo mpaka wenyewe ulikuwa umepitia mengi. Tarehe 5 Oktoba 2019 marais John Magufuli na Edgar Lungu walifungua kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde ili lori likaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Mei 2020 Zambia iliifunga Nakonde kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na watu wa mpakani wakaonja maana ya geti kufungwa. Biashara ndogo zilikauka na ndugu walikaa wakisalimiana kwa simu. Mahusiano ya serikali hupanda na kushuka, ushuru hubadilika, matamko hutolewa na kufutwa. Mechi nazo huleta maneno makali na kejeli za siku mbili tatu. Lakini katika miaka yote hii, kipigo cha uwanjani hakijawahi kuwa sababu ya jirani kumnyima jirani maji.

Wajibu wetu

Fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027 zimepangwa kuandaliwa kwa pamoja na Kenya, Tanzania na Uganda. Zambia, Malawi au Kongo zikifuzu, maelfu ya mashabiki wao watapita Mpemba. Itakuwa aibu wakipita kama mizigo, wakikaa kwenye foleni wakati mechi inachezwa. Shirikisho la Soka la Tanzania (TFF), lile la Zambia na mamlaka za mpakani wakae mapema na kupanga njia ya haraka kwa mwenye tiketi ya mechi.

Halmashauri ya Mji wa Tunduma na wenzao wa Nakonde nao wana kazi isiyohitaji kibali kutoka Cairo, makao makuu ya soka la Afrika. Waanzishe kombe la vijana la kila mwaka, wavulana na wasichana, linalochezwa kwa zamu pande zote mbili, na wawaalike majirani wa Ileje na wale wa Chitipa, Malawi. Bajeti ya kombe kama hilo ni ndogo kuliko gharama ya mkutano mmoja wa ujirani mwema wenye posho. Vijana wa mpakani tayari wanacheza pamoja kwenye viwanja vya vumbi. Wapewe ratiba, waamuzi na jezi, kisha tuwaache watuonyeshe namna ya kushindana na jirani na kubaki naye.